Mita Ikilia, Usishangilie Bado

Jana nimemkuta kijana wetu amejikunja chini ya dashibodi, anaviringisha tepu nyeusi kwenye waya ulioliwa na panya huku akipiga mluzi. Nikamwuliza, "Umeuunga?" Akanijibu, "Nimeufunga, bosi." Ameufunga! Wadogo zangu, mtaniua kwa presha.

1. Kabla ya mita, yaani kile kipimo cha umeme kinacholia waya ukipitisha, glovu na barakoa. Mkojo wa panya huambukiza homa ya mgunda. Kiota kilowanishe kwa dawa ndipo ukifute. Ukikipuliza kwa kompresa, vumbi lote ni lako.

2. Usiishie kwenye jeraha la kwanza. Meno ya mbele ya panya hukua maisha yake yote, kwa hiyo atatafuna tu, awe na njaa au ameshiba. Fungua kava la nyaya mpaka ukutane na nyaya safi, kisha fungua shubiri moja zaidi ya mkono.

3. Mlio wa mita si cheti cha uzima. Hapa ndipo nilipoumbuka.

Gari lilikuwa linawaka vizuri asubuhi, likipanda mlima linazima. Nikainua kiti cha nyuma, nikakuta vinyesi na nyaya mbili zimekatika. Nikaziunga. Wa tatu, wa pampu ya mafuta, niliuona umechubuka tu. Nikapima: piii! Mzima huo, tepu. Nikachomoa plagi ya pampu, nikapata volti 12.4, nikatangaza mbele ya karakana nzima kwamba pampu imekufa. Mwenye gari, mama mpole, akanunua mpya. Siku ya tatu akarudi anavutwa kwa kamba, hana hata hasira, na hiyo ndiyo iliyoniuma. Mimi kwa ukaidi nikasema pampu aliyouziwa ni feki.

Fundi wangu hakubishana. Akachukua balbu ya taa kubwa, akaiunga mahali pa pampu. Ikawaka nyekundu kama koroboi inayoishiwa mafuta. Akapima balbu ikiwa palepale: volti 8. Akabandua tepu yangu taratibu, watu wamesimama wanatazama. Ndani, nyuzi zilikuwa zimekatwa karibu zote, zimeoza kwa mkojo, zinagusana kupitia ule unga wa kijani. Mita hupitisha mkondo mdogo mno, na nyingi hulia hata pakiwa na omu kadhaa za ukinzani. Pampu ikivuta ampea 5, omu moja tu inakula volti 5. Pima waya ukiwa na mzigo, yaani kitu kinachovuta umeme, jamani!

Pampu ya zamani ilirudi kwenye gari, nzima kabisa. Mpya nikailipia mimi. Ipo kabatini hadi leo. Anayeniambia "lakini mita imelia" namtuma akaifute vumbi.

4. Mpira wa kusinyaa, ule unaobana kiungo ukiupasha moto, uvishe kwenye waya kabla ya kuunga. Mnacheka, lakini mtasahau. Mimi mwenyewe nimesahau wiki iliyopita.

5. Nyaya mbili zilizosokotana za mawasiliano ya kompyuta za gari, rudisha msokoto wake. Betri ikiwa imechomolewa, kati yake kwa kawaida utapata omu 60.

6. Waya wa sensa ya oksijeni, ile ya kwenye ekzosi, usiulehemu; sensa nyingi huvuta hewa kupitia waya. Tumia viungo vya kubana. Nyaya za njano za mifuko ya hewa (eabegi) usiziguse hata kwa mita, niite.

Na wewe wa jana, toa tepu.