Maswali ya Wasomaji: Grisi Ipakwe Wapi, na Nati Zikazwe Lini?

SWALI: Ndugu Fundi, nakusalimu kutoka Nzuguni, Dodoma. Ninajiundia nyumbani gari dogo la watu wawili, la mtindo wa Lotus Seven (gari jepesi la michezo la Uingereza), ambalo vipande vyake nililetewa vikiwa kwenye makasha. Nimeshafunga injini, mikono ya juu na ya chini ya sasipensheni ya mbele pamoja na shokomzoba, na nati zote nilizikaza gari likiwa juu ya stendi. Nilipolishusha, pua ya gari ilibaki juu, na nikiibonyeza inarudi palepale. Jirani yangu, fundi wa malori, ananishauri nipake grisi kwenye bushi zote, yaani vile vipande laini vilivyo kwenye viungo vya mikono, ili zilainike. Je, nimfuate?

JIBU: Ndugu msomaji, subiri kwanza. Ushauri wa jirani yako ni sahihi kabisa kwa lori, ambalo pini zake za springi zina nipeli (vichuchu vya kupigia grisi) na huzunguka ndani ya grisi, lakini bushi za gari lako hazifanyi kazi hivyo. Jaribu kulizungusha lile bomba fupi la chuma lililo katikati ya bushi: likigoma, au likirudi lilikotoka mara unapoliachia, hiyo ni bushi ya mpira iliyogandishwa kwenye chuma; likichomoka kwa mkono, ni ya polyurethane, aina ya plastiki ngumu inayonyumbuka.

Kwa maelezo yako, nina hakika zako ni za mpira. Bushi ya namna hii haizunguki, bali mpira wenyewe hujinyonga mkono unapopanda na kushuka, na pale unapoikaza nati ndipo mpira hupahesabu kuwa mahali pake pa kupumzikia. Wewe ulikaza mikono ikiwa inaning'inia, kwa hiyo sasa bushi zote zimenyongwa na zinasukuma pua juu. Kwenye gari zito usingeona tofauti kubwa, ila magari ya mtindo huu, tangu Colin Chapman, mwanzilishi wa Lotus, alipotoa la kwanza mwaka 1957, huundwa yawe mepesi sana, na mengi hayafiki hata kilo 700. Ukiliendesha hivyo, mpira utachanika mapema.

Legeza nati zote za mikono bila kuzitoa. Weka mbao nene na pana chini ya magurudumu yote manne ili upate nafasi ya spana, kisha weka kwenye kiti cha dereva mfuko mmoja na nusu wa saruji, yaani kilo 75, badala ya mtu. Bonyeza pua mara kadhaa na usogeze gari kidogo mbele na nyuma, kwa sababu tairi hushikilia umbali baina yao zilioshuka nao na kulizuia gari lisikae sawasawa. Hapo ndipo ukaze, kwa spana ya kupimia nguvu na kwa kipimo kilichomo katika kitabu cha gari. Nati zenye pete ya plastiki zikishafunguliwa kabisa, weka mpya.

Sasa grisi. Mpira usipakwe grisi ya kawaida hata kidogo, kwani mafuta ya petroli huuvimbisha na kuuoza; kama ulishapaka, futa na uoshe kwa maji na sabuni, wala si kwa petroli. Bushi za polyurethane ndizo zinazotaka grisi, ile ya silikoni au iliyokuja nazo, ikipakwa ndani ya tundu na juu ya bomba lake. Bomba hilo lizidi urefu wa bushi kidogo sana, ili nati ibane chuma na mkono ubaki huru.

Shina la bolti linalopita ndani ya bomba lipakwe grisi ya shaba kidogo, lisije likaganda kwa kutu baada ya masika, lakini meno yake yaachwe makavu. Nguvu nyingi unayoitia kwenye spana huishia kwenye msuguano, na takriban sehemu moja tu katika kumi ndiyo inayobana. Ukilainisha meno, kipimo kilekile kitaivuta bolti kupita kiasi. Boljointi (viungo vya mviringo kati ya mkono na gurudumu) zenye nipeli pekee ndizo za kupigwa grisi ya lithiamu, na itakayochungulia nje uifute yote, kwa kuwa vumbi la Dodoma la kiangazi likichanganyika nayo huwa msasa. Pua ikishakaa, lipeleke gari likapimwe alaimenti, yaani mkao wa magurudumu, maana vipimo ulivyochukua likiwa limesimama juu havina kazi tena.