Chuo Kipi Kabla ya Udaktari?

SWALI: Nasoma sekondari Marekani na nataka kuwa daktari. Chuo kimoja kinajisifu kwamba asilimia 90 ya waombaji wake hupokelewa shule za udaktari. Kingine ni cha jimbo letu, ada nafuu. Nichague kipi?

JIBU: Hiyo 90 ichunguze kwanza. Vyuo vingine vina kamati inayoandika barua ya pamoja ya mapendekezo, na mwenye alama hafifu hunyimwa barua au hushauriwa asiombe. Huyo hahesabiwi kati ya waombaji. Kwa hiyo uliza: walioanza mwaka wa kwanza wakitaka udaktari walikuwa wangapi, na walioomba mwishowe wangapi?

Kwa shahada ya kwanza, fani yoyote inafaa, hata historia, mradi usome biolojia, kemia, kemia ya kaboni na fizikia pamoja na maabara zake. Shule nyingi hudai biokemia pia. Wastani wa alama na MCAT, mtihani wa kuombea shule za udaktari (alama 472 hadi 528), huwa na uzito kuliko jina la chuo.

Halafu deni. Shahada ya kwanza ni miaka 4, udaktari 4 mingine, nayo ghali zaidi. Sisi tungeanza na cha jimbo, ikiwa kuna hospitali karibu ya kujitolea na walimu wanaopokea wanafunzi kwenye utafiti.