Picha ya bibi ina ukungu, niipeleke darasani?

Ndugu, nimekuelewa: mwalimu wa upigaji picha anataka uchague picha 3 zenye maana kwako na uzieleze, nawe unaona haya kwa sababu ile unayoipenda kuliko zote, ya marehemu bibi yako, ina ukungu, yaani sura haionekani wazi.

Ipeleke hiyo hiyo. Mimi nilipoanza nilipeleka machweo, safi kabisa, nikakosa hata sentensi mbili za kusema.

Kabla ya kuandika, itazame dakika 5 bila kalamu. Jicho linatua wapi kwanza? Nani hayumo, na kwa nini? Ndipo uguse ufundi: ndani ya nyumba mwanga huwa hafifu, shata (kilango cha kamera kinachopitisha mwanga) hukaa wazi muda mrefu, tuseme sekunde 1/15, na mkono ukitikisika kidogo tu sura inavurugika. Mwalimu atapenda ukilieleza hilo. Ila usianze na "picha hii inanikumbusha". Darasa zima litaanza hivyo.

Kama ni ya karatasi, iskani kwa dpi 600 (nukta 600 kwa kila inchi). Ikiwa imegandamana na kioo cha fremu, usiibandue, mpelekee mtaalamu wa kuhifadhi picha. Na ikiwa msiba bado mbichi, kila ukiishika unalia, chagua nyingine kwa sasa, uzungumze na mshauri nasaha.