Baba anatembea, mama goti linafura

SWALI: Assalaam alaykum. Wazee wangu wote wawili wameambiwa hospitalini kuwa gegedu za magoti, yaani tabaka laini linalokinga ncha za mifupa, zimelika. Baba, miaka 70, hutoka hapa Kibokoni, Mombasa, kila alfajiri kwa miguu hadi bustani ya Mama Ngina kando ya bahari, na asema amepata nafuu. Mama ana miaka 66. Alimfuata siku tatu tu, goti likafura. Sasa asema mazoezi ni ya wanaume, yeye kazi za nyumbani zamtosha. Nimwambieje?
– Binti, Kibokoni

JIBU: Waalaykum salaam. Mazoezi yanawafaa wote wawili, ila hawaanzii mahali pamoja. Wanawake huugua magoti kuliko wanaume, hasa baada ya hedhi kukoma, na misuli ya paja, ambayo ndiyo hulipunguzia goti mzigo, kwao huwa na nguvu kidogo zaidi. Mama alilitwisha goti lake safari ya baba.

Kazi za nyumbani huchosha bila kujenga paja. Tena akikalia mbuzi kukuna nazi, goti hukunjwa sana, na hapo ndipo linapobanwa zaidi. Nazi na ikunwe kwa mashine sokoni.

Aanze na kiti. Kiegemezwe ukutani, kiwekwe mto ili makalio yawe juu kidogo ya magoti. Miguu aitanue kama upana wa mabega, nyayo azirudishe nyuma kidogo, ainamishe kifua mbele, asimame bila kujirusha, kisha ashuke akihesabu moja hadi tatu. Mara 8, apumzike dakika moja, arudie. Siku tatu kwa wiki, zisifuatane. Wengi huharibu wakati wa kushuka: hujibwaga, na magoti yakaelekeana. Yafuate vidole vya miguu. Akiweza mara 12 bila tabu, mto uondoke.

Kutembea, dakika 10 mahali tambarare, akiongeza dakika mbili kila wiki. Mchanga wa ufuoni ulioinama auache kwanza.

Maumivu kidogo wakati wa zoezi hayadhuru. Yakiamka naye kesho yake, apunguze idadi, asiache. Nafuu huja polepole, wiki 6 hadi 12. Lakini goti likiwa jekundu na la moto, na homa juu yake, amwone daktari siku hiyo hiyo.

Na baba asijione amemaliza: kutembea peke yake hakumjengei paja la kutosha. Naye kiti kinamhusu, aanzie mara 8 zile zile, asishindane.