Kwa nini sensa za jirani na stoo ndo zinakufa kwanza?

SWALI: Habari za kazi kaka, mi nalima nyanya huku Iringa, nimesambaza sensa 24 za kupima unyevu wa udongo, zinapokezana data mpaka inafika kwenye kile kifaa kikuu kilichopo stoo. Ajabu sasa, zile 3 zilizoko jirani kabisa na stoo ndo zinaisha betri kwanza, za kule mtoni zinadunda tu. Fundi kasema betri feki, nimebadilisha mara mbili, yaleyale. Nimepigwa?

JIBU: Hujapigwa mkuu, betri zako nzima. Hizo 3 umezigeuza punda wa shamba zima. Sensa ya mtoni inatuma kipimo chake kimoja inalala zake, ila ya jirani na stoo inapokea mizigo ya wenzake kama 7 hivi, inaituma upya, halafu bado na wake. Na usidhani kupokea ni bure, redio ya CC2420 iliyotumika sana kwenye vifaa hivi inavuta miliampia 18.8 ikisikiliza na 17.4 ikituma kwa nguvu yake yote, yani kukaa tu na masikio wazi kunakula kuliko kuongea!

Usije ukasema basi kila moja itume moja kwa moja stoo. Heinzelman na wenzake wa chuo cha MIT kule Marekani walipotoa LEACH, utaratibu wa sensa kupeana zamu ya kubeba data, mwaka 2000 walitumia hesabu hii: kila biti (kipande kidogo kabisa cha data) inakula nanojuli (kipimo kidogo sana cha nishati) 50 kuituma na 50 kuipokea, halafu kwenye kutuma unaongeza gharama ya umbali, ambayo inapanda kwa umbali zidisha umbali. Nikapiga kwa mita 100: kuruka mara moja ni nanojuli 1,050, kugawa vipande 10 vya mita 10 ni 1,050 ileile (nilirudia hesabu nikidhani nimekosea), ila vipande 3 ni kama 583. Kwa hiyo vituo vingi sana navyo hasara.

LEACH yenyewe inazungusha uongozi, leo sensa hii inakusanya data za jirani zake, inazifupisha na kuzituma, kesho nyingine, hakuna anayebeba milele. Kwako mwambie fundi aangalie kama programu inaweza kuchagua njia kwa betri iliyobaki badala ya njia fupi tu, na redio ziamke kwa zamu, udongo haukauki ndani ya dakika moja bwana.

Ila kabla hujamlipa, hamisha kifaa kikuu kikae katikati ya shamba, kitapata majirani wengi wa kugawana mzigo. Najua kiko stoo sababu ndo kwenye umeme, tafuta kasola kadogo ukafunge hukohuko.