Jibu: Kwa nini neoni nyekundu inatoka nyeupe kwenye picha zako

Mkuu, umesema ulipiga picha mabango ya moteli za Route 66, ile barabara kuu ya zamani ya Marekani, saa nne usiku, mirija myekundu ya neoni ikatoka mistari myeupe na anga jeusi tii, na Julai unapita tena kutoka Amarillo kwenda Albuquerque. Kamera yako ni nzima. Ulichelewa tu.

Mimi naendesha lori I-40, barabara kuu iliyochukua nafasi ya Route 66 huko, na kosa hilo nimelifanya karibu mwaka mzima. Giza likishaingia, kamera ikiachiwa ijipimie yenyewe inahangaika kuliangaza hilo giza, na mrija unaungua, yaani unazidiwa na mwanga hadi unatoka mweupe. Nyekundu ndiyo inayotangulia kuharibika, maana gesi ya neoni yenyewe hutoa wekundu wa kaa la moto. Bluu unayoiona ni gesi nyingine, agoni, iliyotiwa zebaki kidogo, ila sote tunaita neoni.

Lala Tucumcari, New Mexico, mji ulio njiani kwako. Barabara mpya iliupita mji pembeni, na Route 66 ikafutwa rasmi 1985, lakini mabango ya zamani bado yapo. Nenda Blue Swallow, moteli ya tangu 1939: juu pana mbayuwayu wa bluu, chini majigambo kwamba hewa imepoozwa kwa asilimia 100. Jua la Julai huko linazama kama saa mbili na robo usiku (usihesabu kwa jua la kwetu!). Lisubiri lizame, kisha hesabu dakika kumi. Anga linakuwa bluu iliyoiva, kuta za waridi bado zinaonekana, na mwanga wa bango unakaribiana na wa anga. Una dakika kama ishirini hivi. Baada ya hapo kale chipsi.

Weka stendi, ISO 200 (wepesi wa kamera kupokea mwanga), f/8 (upana wa tundu la lenzi; namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo), shata ianzie 1/15 ya sekunde, piga RAW, faili ghafi lisilochakatwa na kamera. Kuza picha kwenye kioo uangalie mrija, si anga. Mrija ukiwa mweupe, punguza muda wa shata. Usikimbilie 1/500: umeme wa Marekani ni hezi 60, kwa hiyo taa inapepesa mara 120 kwa sekunde, na shata ya haraka inaweza kukutolea herufi moja kali na jirani yake imefifia. Bango la kuwaka kwa zamu lipe muda mrefu zaidi, na funga tundu mpaka f/16 mrija usiungue.

Na piga hodi mapokezini. Mji mmoja nilisimamisha stendi kimyakimya, mzee akatoka na tochi akidhani nimetumwa na watu wa bima. Nilipomwonyesha picha alicheka, akarudi ndani, nikasikia swichi: tak! Bango likaanza kunguruma kama friji kuukuu, likawaka herufi tatu za mwisho, TEL. Mbili za mwanzo zimekufa kitambo. Rafiki yangu ananishauri nizijazie kwenye kompyuta. Sijazijaza.