Maswali ya Wasomaji: Hempu Inapochanua na Siku ya Kuvuna

Hempu yangu imetoa maua ikiwa fupi, haijafika hata kiunoni. Imekosa mbolea?

Tatizo lako limeanzia kwenye mbegu. Hempu, yaani bangi ya viwandani, huchanua usiku unaporefuka. Aina nyingi za Ulaya zimezalishwa kwa mwanga wa kiangazi wa saa 16 hivi kwa siku. Karibu na Ikweta, ambako mchana na usiku hulingana, huchanua mapema mno. Shina likishaanza maua, urefu hauongezeki sana, hata ukimwaga naitrojeni. Msimu ujao tafuta mbegu zilizozalishwa latitudo inayokaribiana na yako.

Mimea dume inanyauka. Nikate sasa au ningoje mbegu?

Dume hunyauka baada ya kumwaga chavua. Huo si ugonjwa. Ukitaka nyuzi laini, kata dume zinapoanza kumwaga chavua. Ukichelewa, shina hukakamaa na nyuzi zinakuwa ngumu kutenganisha. Laza mashina shambani yapate umande, uyageuze ili yalainike pande zote, na uyakague kila siku chache: nyuzi zikibanduka kirahisi kwenye kiini, yaondoe. Yakipitiliza, nyuzi zenyewe huoza na kukatika.

Kama lengo ni mbegu, ngoja, ila usingoje zote. Hukomaa kuanzia chini ya suke kwenda juu, kwa hiyo vuna takriban asilimia 70 zikiwa ngumu na za rangi ya kahawia au kijivu yenye madoadoa. Mkulima anayesubiri ncha ikomae hupoteza mbegu bora za chini, zinazopukutika au kuliwa na ndege. Zikivunwa kwa asilimia hiyo 70, mbegu bado ni mbichi, na hapo ndipo mavuno mengi mazuri huharibika: zikikaa kwenye magunia hata saa chache, hupata joto na kuvunda. Zianike au uzipulizie hewa siku hiyohiyo, hadi unyevu ushuke chini ya asilimia 9.

Sampuli yangu ilipita kipimo cha THC, kemikali ya bangi inayolevya. Naweza kuchelewesha mavuno?

Hapana. THC hupanda kadiri maua yanavyokomaa, hivyo shamba lililopita leo linaweza kuvuka kikomo baadaye. Marekani kikomo ni asilimia 0.3, na mavuno lazima yakamilike ndani ya siku 30 baada ya sampuli kuchukuliwa. Soma masharti ya kibali chako kabla ya kupanga siku ya kupima.